Kutoka Ngoliba hadi Githurai Bila Silensa

Nyinyi wenzangu wa kwaya mmeniuliza mara nyingi, na kila mara nimewajibu nusu nusu. Mnataka kujua kwa nini niliporudi kutoka Githurai pikipiki yangu ilikaa nyuma ya nyumba ikiwa imefunikwa gunia, na kwa nini Jumapili ile Kamau alipoangusha ngoma mimi nilitoka mbio mpaka kwenye lango la kanisa. Nimeona heri niandike yote mara moja. Mkisoma, tafadhali tusiulizane tena.

Safari yenyewe ilikuwa ya mama yangu. Dada yake mdogo, ambaye mimi humwita Tata Wangari, anaishi Githurai 45. Alikuwa na uvimbe tumboni, na madaktari walikuwa wamesema apasuliwe. Jioni ya siku hiyo angepelekwa hospitali akalale huko. Mama akasema lazima amwone kabla hajaondoka. Hawa wawili walifiwa na wazazi wakiwa wadogo, na mama ndiye aliyemlea mwenzake, akimbeba mgongoni kwenda kuchuma kahawa.

Lakini matatu zilikuwa zimegoma. Tulisimama stegi tangu asubuhi, hakuna hata moja iliyotokea. Basi nikatoa pikipiki yangu, ile nyekundu ninayobebea mishiri, yale maharagwe mabichi, nikiipeleka kwa madalali. Mama alijifunga leso kiunoni, akafunga kitambaa kichwani, akakataa helmeti kwa sababu ilimbana masikio. Akapanda.

Ngoliba mpaka barabara ya Garissa

Mnaijua ile barabara yetu ya murram. Mvua ilikuwa imeichimba, na malori ya mchanga yalikuwa yamemalizia kazi. Nilikuwa naenda polepole, mama akisema na mimi begani, akinionyesha mashamba ya watu aliosoma nao. Kisha gurudumu la nyuma likapanda jiwe. Nikasikia kitu kinagonga chini, ko! Mara pikipiki ikaanza kulia kama bunduki.

"Ngai!" mama akapiga kelele, akanikumbatia mbavu. "Ni nani anapiga risasi?"

Sikujua ni nini. Nilifikiri injini imepasuka. Niliachilia mafuta, nayo ikazidi, pa! pa! pa! Nikageuza shingo kuangalia chini, na hapo ndipo nilipoona kioo kikubwa cha lori karibu na uso wangu. Lilikuwa nyuma yetu muda wote likipiga honi. Hatukuwa tumesikia chochote. Lilitupita karibu sana, upepo wake ukatusukuma mpaka kwenye nyasi, na kitambaa cha mama kikafunguka.

Tulisimama pale ukingoni. Nyuma yetu, katikati ya barabara, lilikuwa limelala lile bomba la kuzima kelele, silensa yangu, ambayo kutu ilikuwa imeila pale ilipochomelewa zamani. Lori lilikuwa limeipanda. Ilikuwa bapa kama chapati.

"Turudi?" nikamuuliza mama.

"Turudi wapi?" akasema, huku akifunga kitambaa tena. "Wangari anaondoka jioni."

Nikapiga kiki. Kuku wa boma lililokuwa karibu walitawanyika. Tukaenda.

Tulipoingia lami, lililonitisha zaidi halikuwa kelele. Ilikuwa kwamba ndani ya kelele ile nilikuwa kiziwi. Unapoendesha, masikio ndiyo yanayokuambia nani yuko nyuma, nani anataka kupita. Mimi nilikuwa sina. Kila gari lilitokea ubavuni kama limeanguka kutoka juu, na kila mara mama alinibana mbavu, na kila mara mimi niliyumba.

Thika mjini

Nilitaka kununua silensa nyingine Thika, au angalau kuchomelewa kipande cha bomba. Hilo tu. Lakini mji ulikuwa umekaa vibaya siku hiyo. Watu walikuwa wamejaa kando ya barabara bila usafiri, polisi walikuwa wamesimama vikundi vikundi na marungu, na maduka mengi yalikuwa yamefunguliwa mlango nusu.

Nilipopunguza mwendo kuingia mtaa wa mafundi, pikipiki ikapasua ile milio yake mitatu. Pa! Pa! Pa!

Sijawahi kuona watu wakianguka hivyo. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto alijitupa chini akamlalia. Mzee akaingia chini ya meza ya viatu. Mlango wa chuma wa duka ukashuka kwa kishindo, halafu wa pili, halafu wote. Mtu akapiga kelele kwamba polisi wameanza kufyatua. Nami nilikuwa katikati, juu ya kitu kilichokuwa kikinguruma, na nikamwona polisi mmoja upande wa pili akigeuka na kunitazama moja kwa moja.

Nilizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele.

"Ni eksozi!" nikapaza sauti, nikiinua mikono. "Imeanguka! Ni eksozi tu!"

Yule mama alisimama akampangusa mtoto vumbi. Hakunitukana. Alinitazama tu, machozi yakimtoka, akaondoka. Polisi alinionyesha kwa rungu niondoke.

Tulisukuma pikipiki mpaka kwa fundi, mimi mbele, mama nyuma akisaidia kwa mkono mmoja. Fundi alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula mahindi.

"Stima imepotea tangu asubuhi, boss," akasema. "Siwezi kuchomelea. Na silensa ya hii sina."

"Nitafika Githurai hivi?"

"Utafika, lakini usipite highway. Polisi wako pale juu, na kwa hiyo kelele watakusikia ukiwa bado hapa. Pitia ndani, Kalimoni, utokee Ruiru." Akatafuna, kisha akaongeza, "Na uangalie mguu wa mama. Hapo moto unatoka nje wazi."

Nilikuwa sijaona. Pindo la leso ya mama lilikuwa limeungua, jeusi, na juu ya kifundo cha mguu ngozi ilikuwa nyekundu. Hakuwa amesema lolote. Nilimfunga mguu kwa gunia lililolowekwa maji.

Njia ya ndani, Kalimoni

Njia hiyo ni nzuri siku nyingine. Kuna kahawa, kuna vishamba vya mboga, kuna hewa. Mimi niliona mbwa tu. Walitusikia kutoka mbali na walitungoja getini, na kila mmoja alitaka huo mguu wa mama.

Baada ya kona moja tukakutana na mkokoteni wa punda umejaa mitungi ya maji. Nilizima haraka, lakini punda alikuwa ameshasikia. Aliruka pembeni, akapanda tuta, mkokoteni ukalala na mitungi ikabingirika mpaka kwenye mtaro. Kisha punda akakata kamba akaingia kwenye kahawa ya watu.

Mwenye punda alikuwa mtu mnene wa makamo, jina lake Mutua. Alinijia na fimbo juu. Nilijifunika kichwa kwa mikono. Mama akashuka, akaenda moja kwa moja mpaka katikati yetu, akamsalimia.

"Habari yako, baba. Tumekukosea. Tunaenda kuona mgonjwa."

Fimbo ikashuka. "Mgonjwa gani?"

"Dada yangu. Anapasuliwa."

Mutua alivuta pumzi, akatazama mitungi yake. "Basi kijana anisaidie kumtafuta punda."

Tulimtafuta muda mrefu. Tulimpata kwenye kahawa amesimama anatetemeka, masikio yamelala nyuma, na nilipomgusa shingo nilihisi moyo wake ukidunda kama wangu. Kisha tukaenda kisimani kujaza mitungi. Jua lilikuwa limeanza kupinduka. Niliporudi nikamkuta mama amekaa na mke wa Mutua nyumbani kwao kando ya njia, wanakula viazi vitamu na chai ya maziwa. Nilipewa viazi vyangu nikavila nimesimama.

Mama alikuwa anajibu mambo kinyume. Mke wa Mutua alimuuliza ana watoto wangapi, mama akasema, "Hapana, bila sukari." Walicheka sana, hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Masikio yake yalikuwa yanapiga filimbi, alisema. Basi akachana leso ya mkononi vipande viwili, akaviviringisha, akavisukuma masikioni, kisha akafunga kitambaa chake juu yake. Ukimwangalia usingejua kuna kitu.

Gitothua

Hapa ndipo mnapotaka nifike, na hapa ndipo nisipopenda kufika.

Tuliingia Gitothua kutoka upande wa mashamba. Nyumba zikaanza kusongamana, gorofa za mawe, maduka ya mabati, nguo kwenye kamba. Nilikuwa na furaha kidogo, kwa sababu kutoka hapo Githurai si mbali. Nikaona watu wanatoka madukani. Nilifikiri wanatoka kutazama kelele, kama watu wengine wote tuliowapita. Lakini hawa hawakusimama. Walikuwa wanakuja.

Mtu mmoja akasukuma mkokoteni katikati ya njia. Nilishika breki. Nilipogeuka nyuma, nyuma pia palikuwa pamefungwa.

"Ndio hao! Ndiyo nduthi yenyewe, pikipiki ile ile!"

Mkono ukanyakua ufunguo. Mkono mwingine ukanivuta kwa kola, nikaanguka na pikipiki juu ya mguu wangu. Walinivua helmeti kwa nguvu, sikio likabaki likiwaka moto. Mtu mkubwa aliyevaa ovaroli ya buluu alinisimamisha, akanibana mkono mgongoni.

"Mmerudi kumalizia?" akaniuliza sikioni. "Juzi hamkutosheka?"

"Juzi gani? Mimi natoka Ngoliba! Naenda Githurai!"

"Githurai unapitia huku kufanya nini?"

Nikasema polisi. Nikasema naogopa polisi. Mara tu neno lilipotoka nilijua nimejimaliza. Umati ukanguruma.

Nilielewa baadaye. Vijana wawili, wenye pikipiki isiyo na silensa, walikuwa wamemnyang'anya mwanamke mkoba pale pale. Kamba ya mkoba ilimnasa mkononi, wakamburuta mpaka ikakatika. Hakuna aliyeona sura zao. Walichobaki nacho watu wa pale ni ile sauti.

Mwanamume mmoja mwenye kofia akasema, "Ngojeni, kuna mama hapa. Tumuulize mama." Akamwendea mama yangu, ambaye wanawake walikuwa wamemshusha na kumshika pande zote mbili. Akanyoosha kidole kuelekea kwetu, kwangu na kwa yule wa ovaroli aliyenishika.

"Mama, unamjua huyu?"

Mama alitazama. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Huyo?" akasema kwa sauti kubwa. "Huyo simjui mimi! Sijawahi kumwona!"

Sijui niwaelezeje. Nilisikia sauti yake, ile ninayoijua kuliko sauti zote, ikisema hanijui, na kwa kitambo kifupi nilifikiri labda nimeshakufa na haya ndiyo yanayofuata.

"Wamemwiba mama wa watu!" mtu akalia. "Walikuwa wanampeleka wapi?"

Jiwe la kwanza lilinipata begani. La pili sikulihisi. Niliona mtu akipiga magoti karibu na pikipiki yangu na chupa ya plastiki, akachomoa mpira wa mafuta, petroli ikaanza kuingia kwenye chupa polepole. Harufu yake ikanifikia. Niliita, "Maitu! Maitu!" kama mtoto anayemlilia mamake, lakini wale wanawake walikuwa wanamvuta mama kumtoa hapo, wakimbembeleza, wakimwambia pole, umeokoka. Naye alikuwa anawapiga kwa mikono, akilia, kwa sababu alifikiri wanamwibia.

Kisha watu wakapisha njia. Mwanamke mmoja alikuja, mwembamba, mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni, shavu moja limechunika. Walimwita Mama Shiro. Ndiye aliyeburutwa.

"Ni hawa?" yule wa ovaroli akamuuliza.

"Sikuwaona uso," akasema. "Niliwasikia."

Basi mtu akachomeka ufunguo, akapiga kiki. Pikipiki ikanguruma. Mama Shiro akarudi nyuma hatua kadhaa, akajikinga uso kwa mkono wake mzima, akaanza kulia. Alitetemeka kama yule punda. Nilimwona, na nilimwonea huruma, na wakati huo huo nilijua kilio chake ndicho kitakachoniua.

"Ni sauti hiyo," akasema.

Walikuwa wameshanilaza chini. Ndipo kelele ya mama ilipowapita wote. Wakati wa kupigana na wale wanawake kitambaa chake kilikuwa kimetoka, na kipande kimoja cha leso kikatoka sikioni. Alikuja akiwapasua watu katikati, akajitupa juu yangu na uzito wake wote.

"Huyu ni wangu! Nimemzaa! Mnamfanya nini mtoto wangu?"

"Mama, umesema humjui," yule wa kofia akasema.

"Nimesema huyu!" Akamwonyesha yule wa ovaroli. "Huyu ndiye simjui! Mmeniuliza huyu!" Akachomoa kile kipande cha pili, akakinyanyua wakione. "Masikio yangu yamezibwa! Inueni shati lake, mgongoni ana kovu, alimwagikiwa uji!"

Waliinua shati. Kovu lilikuwepo. Watu wachache nyuma wakacheka, kicheko kidogo cha aibu, na nilifikiri yamekwisha.

"Hata mwizi ana mama," yule wa ovaroli akasema.

Kicheko kikazimika. Alikuwa amesema kweli, na kila mtu alijua. Mwenye chupa alikuwa bado amesimama nayo mkononi.

Mama Shiro alikuwa amejipangusa uso. Alikuja akachuchumaa karibu yetu. Alinitazama muda mrefu, halafu akamtazama mama, halafu mguu wa mama uliofungwa gunia.

"Mimi ndiye niliburutwa," akasema, bila kupaza sauti. "Si nyinyi. Na mimi nasema sijui kama ni huyu. Mkimchoma, mtasema mmemchoma kwa ajili ya Mama Shiro. Nitalala aje na jina langu likiwa hapo?"

Akanyoosha ule mkono mzima kwa mwenye chupa. "Lete." Alimpa. Mama Shiro akaimwaga kando ya barabara, mchanga ukainywa.

"Ondokeni," akatuambia. "Lakini msiiwashe. Nawaomba. Sukumeni."

Githurai 45

Tulisukuma mpaka tukatoka kabisa kwenye makazi yale. Mama alichechemea upande mmoja, mimi upande mwingine, damu ikikauka kwenye nyusi. Ruiru mjini nilipata fundi mwenye stima na silensa kuukuu. Alipomaliza aliwasha, na pikipiki ikaimba polepole kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeshakimbia mpaka nyuma ya kibanda chake, natapika viazi vya Mutua.

Tulifika Githurai soko likiwa limefurika, jioni ikianza. Tata Wangari alikuwa tayari amekaa ndani ya gari la jirani, mlango wazi, mfuko wake mapajani. Alimwona mama akaanza kumgombeza.

"Nimekungoja tangu saa ngapi! Ulikuwa wapi?"

"Barabara ilikuwa mbaya," mama akasema.

Hilo tu. Akaingia kiti cha nyuma, akamshika mkono dada yake, na gari likaondoka. Kupitia kioo nilimwona akimfunga Tata kitambaa chake kichwani, kile kilichokuwa kimekanyagwa.

Jirani mwingine alinipa maji ya kuoga na sahani ya mukimo. Aliniuliza uso umefanya nini. Nikasema nimeanguka. Nilikula chote, na sikumbuki ladha yake.

Kurudi

Tata alipasuliwa vizuri. Mama alibaki kumwangalia, mimi nikalazimika kurudi kwa sababu mishiri haingojei mtu. Ningeweza kupita highway, pikipiki ilikuwa kimya na polisi hawakuwa na shida na mimi tena. Lakini nilitaka kumshukuru Mama Shiro. Sikuwa nimemwambia hata asante. Nilimnunulia kilo ya sukari na majani ya chai, nikapitia Gitothua.

Niliizima mbali, nikasukuma.

Mahali ulipokuwa ule mkokoteni walionizibia nao njia, lami ilikuwa nyeusi. Duara kubwa jeusi, na ndani yake nyaya nyembamba za tairi lililoungua, zimejikunja kama nywele. Kando, mtu alikuwa amerusha mchanga kidogo, haukutosha. Watu walipita wakilizunguka, bila kuangalia.

Mwanamke aliyekuwa anamenya viazi mlangoni mwa kibanda chake hakunitambua. Nikamuuliza kumetokea nini.

"Walishikwa wawili," akasema. "Wa pikipiki."

"Walikuwa wenyewe?"

Aliendelea kumenya. Ganda lilishuka refu bila kukatika.

"Ilikuwa na kelele," akasema.

"Na Mama Shiro? Alisema ni wao?"

"Hakuwepo. Alikuwa ameenda kliniki kubadilishwa bandeji."

Nilimwachia ile sukari na majani, nikamwomba ampelekee. Hakuuliza aseme imetoka kwa nani, nami sikusema. Nilishika usukani nikaanza tena kusukuma, nikilizunguka lile duara kama wengine, macho mbele. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama, kutoka hospitali.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

Nilimsikia vizuri kabisa. Nyuma yake nilimsikia Tata akiomba maji.

"Nimefika Juja," nikamwambia, nikiwa bado Gitothua, na nikaendelea kusukuma.